Pingili ya Tatu

Mume wangu watu wanamwita Pimamaji, na jina hilo amelitafuta mwenyewe. Ni fundi wa vigae, na pimamaji ndicho kifaa chake cha kupimia usawa. Akiingia kwa mtu anasalimia sakafu kwanza, mwenye nyumba baadaye. Msibani ameshatuaibisha: anatikisa kichwa kwa huzuni, wafiwa wanamshika mkono wanamwambia ajikaze, kumbe mwenzao ameona vigae vya sebuleni vimepandana. Mtu wa namna hii ukimwambia mfupa wake mmoja umetoka kwenye mstari, hajisikii mgonjwa. Anajisikia ametukanwa.

Ndivyo alivyokaa siku ile mbele ya daktari wa mifupa, amenuna, mikono juu ya magoti, macho kwenye picha ya uti wa mgongo wake iliyokuwa inawaka ukutani. Daktari alikuwa mwanamke mdogo, ningeweza kumzaa, mwenye kucha fupi na maneno ya taratibu. Alichukua kalamu akahesabu kwa ncha yake kutoka juu kwenda chini.

"Pingili za kiuno ni tano, mzee. Hii ya nne imesogea mbele juu ya ya tano. Ukiinama inasogea zaidi, ukinyooka inarudi. Haijatulia. Ndiyo inayobana mshipa wa fahamu, ndiyo maana mguu unawaka moto halafu unakufa ganzi."

"Kwa hiyo unaibana," mume wangu alisema.

"Naibana. Skrubu, vyuma viwili pembeni, na mfupa wa kupandikiza ili ya nne na ya tano ziote ziwe kitu kimoja. Hapo sina wasiwasi. Wasiwasi wangu uko kwenye hii ya tatu." Aligonga kalamu juu kidogo. "Nayo naiona kama imelegea. Kama imelegea kweli, siwezi kufunga za chini nikaiacha yenyewe ibebe mzigo wote. Itabidi nianzie kwenye ya tatu, nishuke mpaka kwenye mfupa wa nyonga. Kiuno chote kinakuwa kipande kimoja."

"Na nitainama?"

"Utainama kwa nyonga na kwa magoti. Kiuno hakitakunjika tena."

Niliyaangalia magoti yake. Ni magoti ya mtu aliyetambaa sakafuni tangu ujana, yamevimba, yamekakamaa, na akichuchumaa lazima apate kitu cha kushika ndipo ainuke. Nadhani daktari naye aliyaona, maana alimuuliza anafanya kazi gani, na alipojibiwa aliweka kalamu chini.

"Kazi ya sakafuni itakuwa imeisha," alisema. "Sitaki nikudanganye."

"Na ukifunga hizo mbili tu?"

"Kama ya tatu ni imara, utapumzika, mfupa utashika, na kazi unaweza kuirudia kwa kiasi. Kama si imara, utafanya kazi miaka michache, halafu na yenyewe itateleza. Hapo tutafungua mgongo ambao umeshafunguliwa, wenye makovu ndani. Wapo wanaotoka humo wanaburuta mguu. Wapo wanaoshindwa hata kuzuia mkojo." Alizima taa ya picha. "Ndiyo maana sitaki kubahatisha. Mtapiga picha mbili: moja ameinama mpaka mwisho, moja amejinyoosha kwenda nyuma mpaka mwisho. Ya tatu ikisogea, tunafunga ndefu. Isiposogea, tunafunga fupi."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Pimamaji alitamka neno moja tu. "Fupi," alisema, kama mtu anayeagiza suruali.

Mimi nilitaka ndefu, na sikuficha. Sina subira na watu wanaopigia bei miili yao. Mimi nashona, nimekaa kwenye cherehani yangu sebuleni maisha yangu yote, na mara mbili nimeruka kutoka kwenye kiti hicho kwa sababu mume wangu alianguka bafuni mguu ulipomsaliti. Mara ya pili nilimkuta amelala kwenye maji, anaangalia dari, ananiambia nisiwaite watu. Nilimwinua peke yangu. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira ilikuwa hofu, na bado ipo. Nilijiona mzee, nabadilisha mashuka ya mtu aliyelowa, mtu ambaye angeweza kupona mara moja kama si ubishi. Kwa hiyo nilisema ndefu, nikasema tena, mpaka akaanza kuondoka chumbani kila nikifungua mdomo.

Kaka yake mkubwa alikuja kumtazama. Shemeji yangu huyu alikuwa dereva wa magari makubwa, sasa amestaafu, na tangu astaafu amekuwa daktari, hakimu na mtabiri wa mvua. Alikalia kiti kizuri kuliko vyote, akanywa chai yake, akasafisha koo.

"Mdogo wangu, usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Ufa unazibwa pale ulipo, kaka," Pimamaji alimjibu. "Kigae kimoja kikipasuka natoa kimoja. Ukianza kugusagusa vizima vya jirani utavipasua mwenyewe."

"Hapo umesema," shemeji akakubali papo hapo, kwa kuwa hakuja na msimamo, alikuja na methali tu.

"Na kama hicho kizima cha jirani ukikigonga kinalia tupu?" nikauliza kutoka kwenye cherehani. Huwezi kuolewa na fundi wa vigae usijue kwamba kigae ambacho hakikushika saruji vizuri kinalia tupu, hata kama usoni kinang'aa.

Shemeji aliangalia chai yake. Kisha akasema tena, kwa sauti ya chini, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii nilimwongezea sukari.

Asubuhi ya kupiga picha aliamka kabla yangu. Nilipopita mlangoni pa bafu nilimwona amekaa ukingoni mwa karo, anaosha miguu yake mwenyewe. Alikuwa amejikunja kabisa, mgongo mviringo, uso umekunjamana kwa maumivu, lakini mikono imefika mpaka vidoleni. Aliponiona alinyooka haraka kama mtoto aliyekutwa kwenye chungu cha mboga. Nilifurahi, mjinga mimi. Nilidhani anajizoeza ili picha itoke vizuri.

Chumba cha eksirei kilikuwa na baridi, na mpiga picha, kijana mpole mwenye miwani, aliogopa mgonjwa asije akaanguka. Akanivalisha aproni nzito ya risasi ya kuzuia mionzi, akaniambia nisimame pembeni ya mzee wangu, mkono wangu mmoja mgongoni kwake, na niutoe tu pale atakapohesabu. Pimamaji alisimama ubavu kwenye ule ubao wa picha, amevaa gauni la hospitali lenye kamba nyuma, miguu myembamba, soksi alizovalishwa na mimi.

"Inama, mzee. Taratibu. Mpaka pale unapoweza."

Kiganja changu kilikuwa pale pale kiunoni, ndiyo maana najua. Alivuta pumzi, akaizuia. Tumbo likaingia ndani. Misuli ya pande mbili za uti wa mgongo ikasimama chini ya kiganja changu, migumu kama kamba za kuanikia nguo, na baada ya hapo ndipo alipoinama. Alishuka kwa nyonga. Kichwa kilikwenda chini, makalio yakarudi nyuma, na mgongo ukabaki bapa kama meza, ungeweza kuweka pimamaji juu yake ukapata kipimo. Nimemwona akiinama hivyo mara nyingi, anaponyanyua ndoo ya saruji. Mafundi wote wa zamani wanainama hivyo, wanafunga kiuno kwanza ndipo wanashuka, na ndiyo maana wengine wanafika uzeeni.

"Safi sana, mzee!" mpiga picha alisema kutoka nyuma ya kioo. "Umeshuka kuliko vijana."

Picha ya kujinyoosha nyuma nayo ilikuwa hivyo hivyo. Alirudisha mabega, akarudisha kichwa, kiuno kikabaki kimekufa. Nilivua aproni. Alikuwa anafunga vifungo vya shati kwa utulivu, hanitazami, na pembeni mwa mdomo wake kulikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa muda mrefu. Kulikuwa na tabasamu.

Daktari aliziweka picha mbili ukutani, akapima kwa rula ndogo, akapima tena.

"Ya nne inateleza, tulijua. Lakini ya tatu imetulia." Aligeuka, naye alikuwa amefurahi, na nampenda kwa hilo. "Nashukuru. Nilikuwa na wasiwasi mkubwa zaidi. Mzee, tunafunga fupi."

"Asante, daktari," Pimamaji alisema. Alinigeukia akaniwekea mkono begani, mkono mzito wenye nyufa za saruji ambazo hazitoki kwa sabuni yoyote. Alikuwa hajanigusa hivyo tangu tuanze kubishana.

Ningenyamaza. Mwanamke mwenye akili kunizidi angenyamaza, angepokea ule mkono akaenda nao nyumbani.

"Daktari, hiyo picha si kweli," nilisema. "Amekaza."

Mkono ulitoka begani.

"Amekaza vipi, mama?"

"Amefunga kiuno kabla ya kuinama. Mkono wangu ulikuwa pale, nimesikia. Ameshuka kwa nyonga. Asubuhi hii hii nimemkuta anaosha miguu, mgongo umejikunja kama kikapu. Huo mgongo unakunjika, ila hapa hakuukunja."

"Mke wangu ana kiherehere, daktari," Pimamaji alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, lakini shingo ilikuwa imejaa damu. "Mimi ndivyo ninavyoinama. Kazini ndivyo tunavyoinama. Ukibeba mzigo bila kukaza unavunjika."

"Lakini leo hukubeba mzigo, mzee," daktari alisema kwa upole.

"Niliambiwa niiname, nikainama."

"Ulikaza?"

"Niliinama, nimekwambia. Au mnataka niite mashahidi?"

Daktari aliangalia picha, akaniangalia, akamwangalia yeye kwa muda mrefu zaidi, kisha akazitoa zile picha ukutani. "Turudie," alisema. "Haitaleta madhara, na mimi nitalala usingizi."

Safari hii walimchoma sindano ya kutuliza maumivu, wakamwacha alale mpaka imshike. Wakamkalisha kwenye kigoda, miguu imetanuliwa, wakamwambia aache kichwa kianguke katikati ya magoti na mikono ining'inie, asifanye chochote, aachie mwili wote. Mpiga picha alikaa naye anamwambia pumua nje, pumua nje tena. Mtu hawezi kukaza huku anapumua nje. Nilikuwa nimesimama mlangoni, sikuitwa ndani tena. Nilimwona mume wangu akijikunja kidogo kidogo, mpaka alipokuwa mdogo kuliko nilivyowahi kumwona.

Ile picha haikuhitaji rula. Hata mimi nisiyejua kitu niliiona ya tatu imetoka mbele, kama droo iliyosahaulika kufungwa.

"Asante, mama," daktari alisema. "Umetusaidia sana."

Natamani asingesema. Afadhali angenikaripia, angeniambia niwaachie wanaume na madaktari mambo yao, na Pimamaji angepata mtu wa kumtetea mkewe dhidi yake. Badala yake alinishukuru mbele yake, tukawa kama watu wawili waliomkamata mwizi.

Daktari alimweleza yote upya: wapi ataanzia, wapi ataishia, skrubu zitakaa wapi. Akamwambia uamuzi ni wake, na kama anataka daktari mwingine hatamzuia, ila yeye mwenyewe, baada ya kuona alichokiona, hataweza kufunga fupi. Pimamaji alisikiliza akitazama sakafu. Ilikuwa sakafu mbaya, vigae vya pembeni vimekatwa ovyo ovyo, na hakutikisa kichwa.

"Fanya," alisema.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Nasema hivi kwa sababu watu huniuliza wakitarajia balaa, na balaa halikutokea. Moto wa mguuni ulizimika, ganzi ikapungua. Alivaa mkanda wa kiuno, akatembea na fremu ya kushikilia, akaiacha fremu, akaanza kutembea peke yake barabarani amenyooka kama askari wa gwaride. Majirani walimpongeza, wakanipongeza na mimi. Shemeji alitangaza kwamba yeye alisema tangu mwanzo.

Vifaa vyake vyote alimpa fundi mwenzake. Sikuambiwa. Nilikuta tu ile kona nyuma ya mlango ni tupu, mwiko hakuna, nyundo ya mpira hakuna, na vumbi la saruji limefagiliwa na mtu asiyejua kufagia.

Kila asubuhi nampigia magoti. Namvalisha soksi, nafunga kamba za viatu. Mara kwa mara namkata kucha za miguuni. Chini hawezi kufika: kiuno hakikunjiki, na akishuka kwa magoti hapandi. Wakati nafanya hayo yeye anatazama ukuta juu ya kichwa changu. Nikimaliza anasema, "Asante, mama watoto." Hajawahi kukosa kunishukuru hata siku moja. Kabla ya hapo, miaka yote, hakuwahi kunishukuru kwa lolote. Alikuwa ananitania, ananiita msimamizi wa mradi, ananiambia mshono wangu umekwenda kombo hata usipokwenda kombo. Siku hizi ana adabu kama mgeni.

Mara moja tu nilishindwa kuvumilia, nikamwambia kama ana neno alitoe.

"Sina neno," alisema. "Ila mimi sikudanganya. Niliinama ninavyoinama."

Hilo ndilo lililonitafuna. Sikujuta kusema, nikirudishwa pale leo nitasema tena, na kwa sauti kubwa zaidi. Lakini kila nilipokaa kwenye cherehani niliikumbuka ile misuli chini ya kiganja changu, nikajiuliza kama ilikuwa hila au mazoea tu. Huenda mwili wake haukujua namna nyingine ya kuinama mbele ya watu. Huenda nilimwaga mtama penye kuku wengi, nikamwita mume wangu mwongo mbele ya mtu wa umri wa binti yetu, kwa kosa la kuwa fundi. Nilishona sare za shule za watoto wa watu huku nalia, nikazifumua, nikazishona upya.

Juzi nilikwenda kupeleka hizo sare. Yeye nilimwacha akijiandaa kutoka, daktari amemwagiza atembee kila siku. Niliporudi jua lilikuwa limeshapita upande wa pili wa nyumba, naye alikuwa amesimama mbele ya mlango wetu, mlango umefungwa. Shati lilikuwa limelowa jasho mpaka kwenye kola. Ufunguo ulikuwa chini, karibu na kiatu chake, na kuzunguka ufunguo vumbi lote limechorwa na soli za viatu, jinsi alivyojaribu kuupandisha ukutani kwa kiatu sijui ili afanye nini. Kule bombani wanawake walikuwa wanateka maji, wanaongea, wanacheka. Sauti zao zilikuwa zinafika vizuri.

"Umesimama hapa tangu saa ngapi?"

Aliangalia ufunguo.

"Kwa nini hukumwita mtu? Watu wamejaa pale! Mtu mzima unakaa juani kama mwanamwari amesusa, ungeanguka je?" Nilikuwa napiga kelele. Nikiogopa ndivyo ninavyokuwa.

Niliinama nikaokota ufunguo, nikafungua mlango, nikampisha apite. Hakupita.

"Nilikaza," alisema.

"Nini?"

"Siku ile ya picha. Ulisema kweli. Nilikaza makusudi." Alikuwa ananitazama usoni, mara ya kwanza tangu hospitali. "Ya tatu nilijua imelegea. Nilikuwa naisikia ikitembea kila nikijigeuza kitandani."

Maneno hayo nilikuwa nimeyasubiri muda wote ule. Nilikuwa nimejiambia kwamba siku nitakayoyasikia nitalala. Sasa yalikuwa yamefika, nami nimesimama na ufunguo mkononi, sipati nafuu yoyote.

"Ungerudi kufunguliwa tena," nilisema. "Ungeburuta mguu. Ungejikojolea, baba watoto, na daktari alikwambia."

"Nilimsikia. Neno kwa neno nilimsikia." Aliweka mkono kwenye fremu ya mlango. "Alisema miaka michache ya kazi, halafu hayo. Nikakubali moyoni. Niliitaka hiyo miaka michache, mama watoto. Ilikuwa yangu."

Alinipita akaingia ndani, akasimama katikati ya sebule amenyooka, akitazama ukuta, akisubiri avuliwe viatu. Nikafunga mlango, nikapiga magoti mbele yake, nikaanza kufungua kamba.